Stratton Oakmont dhidi ya Prodigy

Stratton Oakmont dhidi ya Prodigy ni kesi ya kashfa iliyoamuliwa Mei 1995 na mahakama ya jimbo la New York, Marekani. Sheria inayowakinga wenye majukwaa ya mtandaoni nchini humo ilizaliwa na hukumu hiyo.

Oktoba 1994, mtu ambaye hakutambulika aliandika kwenye Money Talk, ukumbi wa kujadili fedha wa huduma ya mtandaoni ya Prodigy, kwamba Stratton Oakmont, kampuni ya udalali wa hisa, ilifanya ulaghai katika kuuza hisa za kampuni nyingine. Stratton ikaishtaki Prodigy, ikidai fidia ya dola milioni 200. (Wakuu wake walikiri makosa ya ulaghai wa hisa mwaka 1999.)

Mwaka 1991 kampuni ya CompuServe ilikuwa imeshinda kesi ya namna hiyo kwa kuwa haikukagua yaliyowekwa kwake. Mahakama iliifananisha na duka la vitabu. Prodigy ilijinadi kuwa huduma ya familia nzima: ilikuwa na kanuni, programu ya kunasa matusi, na viongozi wa kumbi waliokuwa na uwezo wa kufuta ujumbe. Jaji Stuart Ain aliona kwamba kwa kazi hiyo Prodigy imejifanya mchapishaji, basi iwajibike kama mchapishaji. Kwa hiyo aliyejaribu kusafisha ndiye aliyewajibishwa, na aliyefumba macho akabaki salama. Ni vigumu kubuni kanuni yenye madhara zaidi kwa watumiaji.

Wabunge Chris Cox na Ron Wyden, mmoja wa Republican na mwingine wa Democratic, wakaijibu hukumu hiyo kwa kuandika Kifungu cha 230, kilichopata nguvu ya sheria Februari 1996. Mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya wengine, wala haadhibiwi kwa kuondoa, kwa nia njema, anachokiona kibaya.

Kifungu kilitoa ruhusa ya kusafisha bila kuweka wajibu wa kusafisha, na madhara ya pengo hilo yalionekana mapema. Baada ya bomu la Oklahoma City lililoua watu 168 Aprili 1995, mtu asiyejulikana aliweka kwenye huduma ya mtandaoni ya AOL matangazo ya uongo ya fulana za kuwadhihaki wahanga, pamoja na namba ya simu ya mkazi wa Seattle asiyehusika kabisa. Simu za matusi na vitisho zikammiminikia. Aliiarifu AOL, tangazo likaondolewa, mengine yakawekwa. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa, ikitumia Kifungu cha 230 hata kwa tukio lililokitangulia, ilimnyima haki ya kuidai AOL, ingawa ilikuwa imearifiwa.