Udongo Uliosimamisha Mzinga wa Sultan

Kisa cha kufunguliwa kwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, wengi wetu tulikisikia chuoni. Tuliambiwa Sultan Muhammad al-Fatih alileta mzinga mkubwa, kuta zikaanguka, mji ukafunguliwa. Ni kweli, lakini kisa kimefupishwa mno. Hebu jiulize: ikiwa mzinga ulivunja kuta, mbona vita vilichukua siku 53, kuanzia Aprili 6 hadi Mei 29, 1453?

Sultan alikuwa kijana wa miaka 21 tu. Mbele yake kulikuwa na kuta zilizojengwa karne ya tano: handaki kwanza, kisha ukuta wa nje, kisha wa ndani wenye unene wa kama mita 5. Kwa miaka zaidi ya elfu hakuna jeshi lililowahi kuzibomoa na kuingia. Fundi mmoja wa mizinga, Orban kutoka Hungaria, alikuwa amejipeleka kwanza kwa mfalme wa mji huo. Mfalme hakuwa na pesa za kumlipa, basi akaenda kwa Sultan. Mzinga wake ulirusha mawe yenye uzito wa kama nusu tani.

Na kweli kuta zilipasuka. Jiwe gumu likigongwa na jiwe gumu, hakuna pa kukimbilia ile nguvu ila kulivunja. Waliokuwa ndani wakajaribu kuning'iniza marobota ya sufu na ngozi juu ya ukuta. Haikusaidia sana, manake kizuizi kilikuwa chembamba mno.

Ndipo kamanda wao, Giustiniani wa Genoa, akatumia njia nyingine. Kila usiku, watu wa mjini walijaza mapengo kwa udongo, magogo, matawi na vifusi, na juu yake wakapanga mapipa yaliyojaa udongo. Kwa macho lilikuwa boma la ovyo tu. Lakini Kritovoulos, Mgiriki aliyeandika historia ya Sultan, alieleza kwamba mawe ya mzinga yalikuwa yakizama katika udongo ule laini na kupoteza nguvu, badala ya kubomoa.

Siri yake ni nini? Ruka kutoka juu ukaangukie saruji, kisha uangukie mchanga wa pwani. Mwili ni ule ule, kimo ni kile kile. Lakini mchanga unabonyea, unakusimamisha polepole, na nguvu inaishia katika kusukuma chembe zake. Saruji inakusimamisha ghafla, na mfupa ndio unaolipa.

Basi Sultan hakutegemea mzinga peke yake. Alichimba njia chini ya ardhi, akajenga minara ya mbao, na Aprili 22 akapitisha merikebu juu ya nchi kavu. Boma la udongo lilisimama hadi alfajiri ya Mei 29. Giustiniani alijeruhiwa, watu wake wakaingiwa na hofu, na askari wa Sultan wakalipanda boma. Yaani lilishindwa walipoondoka watu waliolilinda.

Kijana mwenzangu, usidhani haya ni ya zamani tu. Ile helmeti ya bodaboda unayoikataa kwa sababu ya joto imejengwa kwa elimu hiyo hiyo. Ganda gumu la nje linasambaza kishindo. Ndani mna povu jepesi, kama lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye katoni. Kichwa kikigonga, povu ndilo linalobonyea, likakupa nafasi ndogo ya kusimama polepole. Kwa hiyo helmeti ya ganda tupu ni ukuta bila udongo. Isiyofungwa mkanda itaruka kabla ya kukufaa. Na iliyokwisha kugonga lami ibadilishwe hata kama nje haina alama, kwani povu likishabonyea halirudi.

Mwezi huu, magharibi ikikaribia, kila mtu hukimbilia nyumbani kufuturu. Vaa helmeti, mpe na abiria wako, na uende mwendo wa wastani. Tende zitakungoja. Mama yako anataka kukuona ukiingia mlangoni mzima.

Ramadhan Karim.