Mizani ya Haki: Khabari za Bei na Biashara katika Arua na Koboko

Mji wa Arua ulifanywa makao ya Serikali katika mwaka 1914, nchi ya West Nile ilipotiwa ndani ya mipaka ya Uganda. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki Desemba 1909, kisha ikawekwa chini ya Sudan katika mwaka 1910. Wanubi, yaani wazao wa askari wa Emin Pasha pamoja na watu wa makabila mengi waliojiunga nao, walikaa karibu na vituo vya Serikali. Na askari alipomaliza kazi yake, mara nyingi alifungua duka au alishika njia ya biashara. Hivyo ndivyo msikiti na soko vilivyokaa jirani katika Arua na Koboko, na Kiswahili na Kinubi vikawa lugha za kuuzia na kununulia baina ya Mlugbara, Mkakwa na mgeni atokaye Kongo.

Siku hizi biashara ya haki hutajwa kana kwamba ni jambo lililozaliwa Ulaya. Ni kweli kwamba alama mashuhuri inayobandikwa juu ya bidhaa, ili mnunuzi ajue kuwa mkulima amelipwa bei inayostahili, ilianzishwa Uholanzi mwaka 1988, kwa kahawa ya wakulima wadogo wa Meksiko. Lakini Waislamu walikwisha kuamrishwa juu ya jambo hilo zamani sana. Licha ya Suratul Mutaffifin, ambayo kila mtoto wa chuo huijua, Bukhari na Muslim wamepokea Hadithi ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara na kununua mali kabla haijafika sokoni. Maana mwenye mali aliyetoka mbali haijui bei ya mjini, na yule anayemlaki aijua. Tena imepokewa kuwa muuzaji aliyelakiwa hivyo, afikapo sokoni, ana khiyari ya kuyavunja mauzo. Katazo hili halitajwi sana katika khutuba kama linavyotajwa kosa la kupunja vipimo, na hiyo ni hasara, kwani ndilo linaloelekea hasa mambo yaliyompata mkulima wa West Nile.

Pamba ilianza kupandwa Uganda kwa ajili ya biashara mwaka 1903, ikafika West Nile baadaye. Mkulima aliibagua mafungu mawili, safi na fifi: safi ni ile nyeupe njema, na fifi ni ile yenye madoa. Kisha aliipeleka sokoni, ikatiwa katika mizani. Aliyeisoma mizani ni mnunuzi. Aliyeamua kuwa hii ni safi na ile ni fifi ni yeye yule mnunuzi. Na bei ilikwisha kupangwa mahali ambapo mkulima hakuwa na sauti. Sheria ya mwaka 1933 iligawa nchi katika maeneo ya viwanda vya kuchambulia pamba, na pamba ya eneo moja haikuruhusiwa kupelekwa katika eneo jingine kutafuta bei njema zaidi. Mtu aliweza kulima mwaka mzima bila kujua hata mara moja kama ratili alizohesabiwa ndizo alizozibeba.

Umbali nao ulikuwa na gharama yake. Bandari ya mto ilikuwa Rhino Camp, ukingoni mwa Nile. Kutoka huko mzigo ulipelekwa kwa meli mpaka Butiaba katika Ziwa Albert, ukachukuliwa kwa motokaa mpaka Masindi Port, ukapakiwa tena melini kuvuka Ziwa Kyoga mpaka Namasagali, ndipo ukaonana na gari la moshi liendalo pwani. Reli haikufika Pakwach ila mwaka 1964. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa Kialur na Kilugbara waliona heri kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi kuliko kulima mazao ambayo faida yake ilimalizikia njiani.

Dawa iliyojaribiwa kwanza ilikuwa ushirika. Wakulima wa Kinakulya, katika Singo, walijiunga mwaka 1913, lakini sheria ya kuvitambua vyama vya ushirika haikutoka mpaka mwaka 1946, na chini ya Gavana Andrew Cohen, mwaka 1952, vyama vilipewa uhuru zaidi, navyo vikapata njia ya kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Katikati ya miaka hiyo yalitokea machafuko ya Buganda ya 1945 na 1949, ambayo bei ya pamba na haki ya kuichambua vilikuwa miongoni mwa sababu zake. West Nile pia ilipata ushirika wake. Faida kubwa ya ushirika haikuwa fedha tu. Ilikuwa kwamba karani wa mizani sasa ni mtu wa wakulima, anayeweza kuulizwa katika mkutano. Ila wakubwa wa vyama vingi walikuja kuulizwa maswali kidogo kuliko ilivyofaa, madeni yakaongezeka, siasa ikaingia, na mkulima akajikuta akisubiri malipo kwa miezi mingi. Mizani iliyo mali ya wengi yataka wengi waitazame.

Njia ya pili ilikuwa kikapu cha mnunuzi. Mwaka 1959 katika Buganda watu waliamrishwa wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika, na Augustine Kamya akajulikana kuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo huo. Mgomo ulionyesha nguvu aliyo nayo mtu wa kawaida anunuapo sukari na sabuni. Lakini wasiotii walitishwa, mimea yao ikakatwa, na wenye maduka madogo vijijini, miongoni mwao Waislamu wa Kihindi, wakakimbia bila kuulizwa kama walipima kwa haki au la. Kumpa mkulima haki yake ni jambo moja. Kumwondoa jirani ni jambo jingine, na mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa na Idi Amin, Uganda iliona tofauti yake. Maduka yalipata wenyewe wapya, bidhaa zikaadimika, bei ikawa ya magendo. Baada ya 1979 watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi wakaishi kwa kuuza na kununua mipakani mpaka waliporejea katika miaka ya 1980.

Katika miaka ya 1990 Serikali iliviondolea vyombo vyake haki ya kununua peke yao kahawa na pamba. Mnunuzi sasa huenda mpaka shambani na fedha mkononi, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huuza papo hapo. Huko ndiko kulaki misafara kwa namna mpya.

Katika Mbale, upande wa mashariki ya Uganda, wakulima wa kahawa Waislamu, Wakristo na Mayahudi walijiunga mwaka 2004 katika ushirika ulioitwa Mirembe Kawomera, wakiongozwa na J. J. Keki. Kahawa yao ilinunuliwa na kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California. Katika mpango wa Fairtrade, chama huwekewa bei ya chini: kwa arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.40 kwa ratili tangu 2011, ikapandishwa kuwa dola 1.80 mwaka 2023, na bei ya dunia ikiwa juu kuliko hiyo hulipwa ile ya juu. Huongezwa senti 20 ambazo matumizi yake huamuliwa na wanachama mkutanini. Alama hiyo hugharimu fedha na ukaguzi, wala haiwezi kufika kila shamba.

Simsim ya Koboko, asali ya West Nile, vikapu na kawa za kufunikia chakula zisukwazo na wanawake wa Kinubi, vingi huuzwa bila alama yoyote, na mnunuzi wake ni jirani. Rhino Camp, iliyokuwa bandari ya pamba, leo ni makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Na Lobule, katika Koboko, wapo wa Kongo. Mkimbizi huuza sehemu ya posho yake apate chumvi au dawa, na anunuaye ajua kuwa mwenziwe hana la kufanya. Mafakihi waliliita jambo hili mauzo ya mwenye dhiki, na wengi wao walichukia mtu kujitajirisha kwalo. Unga huo hupimwa kwa kikombe, kwa beseni au kwa debe, na muuzaji akiwa mnyonge, kikombe huletwa na mnunuzi.