Somo lililofukuzwa likarudi: maigizo katika vyuo vikuu vya Kikristo

Katika vyuo vikuu vingi vya Kikristo nchini Marekani, mwanafunzi anaweza leo kuhitimu shahada ya uuguzi, biashara au teolojia huku akiwa amesoma sanaa za maonyesho kama somo lake la pili. Kozi zenyewe si nyingi, sita au saba hivi: uigizaji, uongozaji, mandhari na maleba, historia ya tamthilia, na mazoezi ya jioni yanayoishia kwenye mchezo kamili mbele ya watazamaji. Hakuna anayeshangaa. Lakini mwaka 1928, sinodi ya Christian Reformed Church, kanisa lililokuwa likimiliki Chuo cha Calvin huko Grand Rapids, Michigan, iliweka kutazama michezo ya jukwaani katika fungu moja na dansi na karata, ikawaonya waumini wajihadhari na starehe hizo.

Nyuma ya onyo lile na kozi hizi kuna ugomvi wa karne nyingi, na umelifunza kanisa jambo ambalo vyuo vyetu vya Afrika Mashariki pia vinalihitaji.

Ugomvi ulianza mapema. Yapata mwaka 200, Tertullian wa Karthago, Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima kuwakataza Wakristo kwenda kwenye maonyesho. Alikuwa na sababu. Maonyesho ya Kirumi yalifungamana na ibada za miungu, na katika viwanja vilevile vya burudani watu waliuawa huku umati ukishangilia. Hata hivyo, kufikia karne ya 10 kanisa lenyewe lilikuwa limeanza kuigiza. Huko Gandersheim, Ujerumani, mtawa Hrotsvit alitunga tamthilia sita kwa Kilatini. Huko Winchester, Uingereza, mwongozo wa watawa wa miaka ya 970 ulieleza jinsi ndugu watatu watakavyoigiza wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka, na mwingine atakavyokuwa malaika. Hiyo ilikuwa sehemu ya ibada.

Walioingiza maigizo katika masomo kwa utaratibu kamili ni Wajesuiti. Chuo chao cha kwanza cha kufundisha vijana wa kawaida kilifunguliwa Messina, Sicilia, mwaka 1548, na haukupita muda michezo ikawa sehemu ya mwaka wa masomo. Mwaka 1599 walitoa mwongozo wa masomo yao yote, Ratio Studiorum, ambao haukuyapiga marufuku maigizo. Uliyawekea masharti: yachezwe mara chache, yawe kwa Kilatini, yahusu mambo ya dini, na asionekane mhusika wa kike wala vazi la kike. Masharti hayo yanaweza kutuonekea makali leo, lakini kila mwalimu aliyajua kabla mazoezi hayajaanza.

Wajesuiti hawakuwa wakiandaa waigizaji. Walitaka vijana wenye kumbukumbu, sauti inayosikika, mwili usiotetemeka mbele ya watu, na moyo unaoweza kuelewa hali ya mwingine. Wengi wao wangekuwa wanasheria, mapadri na maofisa. Maigizo yalikuwa pembeni ya masomo makuu, na pembeni hapo yalizaa matunda. Pierre Corneille alisoma kwa Wajesuiti Rouen, Molière Paris, na Pedro Calderón Madrid. Mwaka 1609 tamthilia ya Jakob Bidermann, Cenodoxus, inayohusu msomi mwenye majivuno anayehukumiwa baada ya kufa, ilichezwa Munich. Kumbukumbu za Wajesuiti zinasimulia kwamba wakuu 14 wa ikulu walitoka kwenye onyesho hilo wakaenda mafungo ya kutubu.

Upande wa Waprotestanti hali ilikuwa nyingine. Septemba 1642 Bunge la Uingereza lililoongozwa na Wapuritani lilifunga majumba ya maonyesho, na mlango haukufunguliwa rasmi hadi mwaka 1660. Waliovuka bahari kwenda Marekani walibeba shaka hiyo, na vyuo walivyovianzisha viliirithi. Walihofia maisha ya waigizaji na maneno ya tamthilia. Zaidi ya yote walijiuliza: kijana akirudia maneno ya mlevi au mzinzi kila jioni kwa wiki sita, je, moyo wake utabaki salama?

Swali hilo halikujibiwa. Vyuo vilipata njia ya kulizunguka. Wachungaji walihitaji kujifunza kusema, kwa hiyo vyuo vya makanisa vilikuwa na masomo ya ufasaha na usomaji wa sauti. Kutoka kusoma kwa sauti hadi kucheza kipande cha Shakespeare ni hatua fupi. Wakati huohuo tamthilia ilikuwa ikipata heshima ya kitaaluma. George Pierce Baker alianza kufundisha utunzi wa tamthilia Harvard mwaka 1905 kabla ya kuhamia Yale mwaka 1925, na mwaka 1914 Carnegie Institute of Technology huko Pittsburgh ilianza kutoa shahada ya maigizo. Hata Bob Jones, chuo cha Wakristo wenye msimamo mkali kilichoanzishwa mwaka 1927, kilicheza Shakespeare, na mwana wa mwanzilishi akapanda jukwaani mwenyewe.

Lakini Shakespeare alikuwa salama kwa sababu alikuwa wa zamani. Mtihani halisi ulikuja na tamthilia za wakati ule, na ulimwangukia mtu aliyeitwa Paul Baker.

Baker, mzaliwa wa Hereford, Texas, alianza kufundisha mwaka 1934 katika Chuo Kikuu cha Baylor, Waco, chuo cha Wabaptisti kilichoanzishwa mwaka 1845. Dansi ilikatazwa katika viwanja vya Baylor hadi mwaka 1996, lakini maigizo yalistawi. Baker alijenga ukumbi ambao majukwaa yaliwazunguka watazamaji waliokaa kwenye viti vinavyogeuka. Alimpata mwigizaji maarufu Burgess Meredith kushiriki katika Hamlet ya Baylor. Mwaka 1959 alifungua Dallas Theater Center katika jengo lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright, na wanafunzi wa Baylor wa shahada ya juu wakasomea humo.

Somo lake lililopendwa kuliko yote halikuwa la kuandaa nyota. Alitumia mazoezi ya nafasi, mdundo, mstari, rangi na mwendo ili kumwonyesha kila mtu namna yake ya kufikiri na kuumba, awe mwandishi, mchoraji au mwanafunzi ambaye hatapanda jukwaani tena maishani. Mwaka 1972 aliyachapisha katika kitabu, Integration of Abilities. Falsafa yenyewe ndiyo inayohalalisha somo la pili la maigizo hata leo.

Mwishoni mwa mwaka 1962 idara yake ilicheza Long Day's Journey into Night ya Eugene O'Neill, tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1956, baada ya mtunzi kufariki, na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1957. Inahusu siku moja katika familia: baba mwigizaji, mama aliyenaswa na mofini, kaka mlevi, mdogo mgonjwa wa kifua kikuu. Wahusika wanatukana, na jina la Mungu linatajwa bure. Malalamiko yalimfikia rais wa chuo, Abner McCall, mwanasheria aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Texas. Alitaka lugha isafishwe. Baker alisema mkataba wa haki za tamthilia haukuruhusu kukata maneno, na kwamba kuyakata kungekuwa uongo. McCall akausimamisha mchezo.

Machi 1963, Baker na idara yake yote walijiuzulu. Walikwenda Trinity, San Antonio, chuo ambacho Baker mwenyewe alisoma, kilichoanzishwa na Wapresbiteri mwaka 1869. Chuo cha Kikristo kiliwapoteza na chuo cha asili ya Kikristo kikawapokea.

McCall hakuwa adui wa elimu. Aliongoza chuo kilichotegemea imani na sadaka za makanisa, na alikuwa na haki ya kusema chuo hicho kinasimamia nini. Baker naye alikuwa na haki ya kumlinda mtunzi. Naamini Baker alikuwa sahihi zaidi: mchungaji atakayekaa na mama aliyenaswa na dawa za kulevya angefaidika kumsikia kwanza mama wa O'Neill, kwa maneno yake yote. Lakini mkasa wenyewe ulitokana na mwiko kukumbukwa wakati watazamaji wako ukumbini. Wajesuiti wa 1599 walikuwa na masharti makali, lakini hawakumshtua mwalimu usiku wa onyesho.

Baadaye hata wagumu walilegea. Mwaka 1966 sinodi ileile ya Christian Reformed iliitambua filamu kuwa sanaa halali, na ikawataka waumini wajifunze kupambanua badala ya kukimbia. Baylor yenyewe ina idara ya maigizo hadi leo.

Sisi pia tumo katika historia hii. Shule ya Alliance, Kikuyu, iliyoanzishwa na misheni za Kiprotestanti mwaka 1926, ilikuwa na desturi ya kucheza Shakespeare kila mwaka chini ya mwalimu mkuu Carey Francis. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipitia hapo kati ya 1955 na 1958. Mwaka 1962 tamthilia yake, The Black Hermit, ilichezwa katika ukumbi wa taifa Kampala, Uganda ikisherehekea uhuru.

Makanisa yetu hayana uadui na maigizo. Krismasi watoto huvaa shuka wakawa wachungaji wa kondoo, na Ijumaa Kuu vijana hubeba msalaba barabarani. Vyuo vikuu vya makanisa viko Mwanza, Arusha, Iringa na Nairobi, vikifundisha walimu, wanasheria, wauguzi na wachungaji, watu ambao kazi yao yote ni kusimama mbele ya wengine na kusikia maisha yasiyo yao. Wakuu wa vyuo hivyo wakifungua somo la pili la maigizo, waandike kabisa, kabla ya zoezi la kwanza, nani anachagua tamthilia, mpaka uko wapi, na mwalimu akipinga anakwenda kwa nani. Kisha wamwamini mwalimu waliyemwajiri. Baylor ilipoteza idara nzima kwa kukosa makubaliano hayo, na sisi hatuna idara za kupoteza.