Kutoka misitu ya Malaya mpaka pori la Ituri: wasomi waliandika nini juu ya Bambuti

Ukitoka Bunia kwa barabara, ukipita Komanda na Mambasa mpaka Epulu, unavuka pori ambalo watu wa vyuo vikuu vya Ulaya, Amerika na Japani wanaliandika tangu karibu miaka mia moja. Vitabu vyao viko mbali na sisi, vingi ni vya Kijerumani na Kiingereza. Lakini mambo yaliyo ndani yake yanarudi hapa kwetu kila mara neno la ardhi linapotokea: nani alitangulia porini, nani ni mgeni, nani ana haki ya kuulizwa kwanza. Leo tunaeleza kazi hiyo, na namna pori letu liliunganishwa na misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Antropolojia ni nini?

Ni elimu inayochunguza watu na desturi zao: namna wanavyooana, wanavyokula, wanavyozika, wanavyogawa ardhi. Mwenye kuifanya anaenda kuishi na watu, anajifunza luga yao, anaandika yale anayoona. Wakati wa ukoloni kazi hiyo ilitembea pamoja na utawala. Mkoloni alitaka kujua kabila gani inaishi wapi na nani ni chifu wake, ili apate kodi na wafanyakazi. Kwa hiyo maandiko ya wakati ule yanasaidia, lakini tuyasome kwa macho wazi.

Padri aliyeanzia Malaya

Paul Schebesta alikuwa padri Mkatoliki wa shirika la Neno la Mungu, lile watu wanaita Waverbite. Mwalimu wake alikuwa padri Wilhelm Schmidt, aliyeanzisha gazeti la kielimu Anthropos mwaka 1906. Mwaka 1910 Schmidt alitoa kitabu akisema kwamba watu wafupi wa misituni, wa Afrika na wa Asia, ndio mabaki ya wanadamu wa kwanza kabisa. Aliamini pia kwamba ukifika kwao utakuta imani ya zamani ya Mungu mmoja.

Schebesta alitumwa kwenda kuona. Alianza katika Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Mwaka 1924 na 1925 aliishi na Wasemang, wawindaji wa msituni wanaotumia bomba la kupuliza mishale yenye sumu na kuchimba viazi vya pori. Aliandika namna wanavyoogopa ngurumo: mtu anajichoma mguu, anachanganya damu yake na maji, anairusha juu ili mvua kali ipungue.

Kisha akaja kwetu. Mwaka 1929 na 1930 alizunguka pori la Ituri kambi kwa kambi, akarudi mwaka 1934. Mwaka 1938 alienda Ufilipino kwa watu wengine wafupi wa msituni. Vitabu vyake vikubwa juu ya Bambuti vilichapishwa Ubelgiji kuanzia mwaka 1938. Ndani yake alionyesha jambo ambalo wenyeji wa Mambasa wanalijua: Bambuti si kundi moja. Waefe wanasema luga ya karibu na ya Walese na wanawinda sana kwa upinde. Wale wa upande wa Babila wanasema luga ya karibu na Kibila na wanawinda kwa nyavu. Waasua luga yao inakaribiana na ya Wamangbetu.

Mahali wazo lilianguka

Wazo la Schmidt, kwamba Bambuti na Wasemang ni jamii moja ya zamani iliyotawanyika duniani, halikusimama. Wachunguzi wa vinasaba, ile alama ya mwilini mtoto anairithi kwa wazazi, waliona kwamba Wasemang na Waagta wa Ufilipino wako karibu zaidi na watu wengine wa Asia na Pasifiki kuliko na Bambuti. Ufupi ulitokea mara nyingi, mahali mbalimbali, kila moja kwa njia yake.

Tena hakuna kabila iliyobaki ya jana. Mbuti wa leo ana miaka mingi ya historia nyuma yake, sawa na Hema, Lendu, Alur, Nyali au Mzungu. Anayesema Bambuti ni watu wa kale ambao hawajabadilika, anarudia wazo la mwaka 1910. Hata jina mbilikimo, ambalo wengi wanalisikia kama tusi, linawapima watu kwa urefu tu. Wenyewe wana majina yao.

Epulu na Mwingereza Turnbull

Miaka ya 1930 Mwamerika Patrick Putnam alijenga kambi kando ya mto Epulu, yenye dispansari na nyumba ya wageni. Alikufa mwaka 1953. Hapo ndipo Mwingereza Colin Turnbull alifikia mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi miaka iliyofuata. Kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961 kilisomwa dunia nzima. Aliandika kwamba kwa Bambuti pori ni baba na mama, na kwamba wanakuja kijijini kwa mapenzi yao, wanapata ndizi na chumvi, kisha wanarudi zao.

Schebesta alikuwa ameona tofauti: Bambuti waliofungwa sana na wakulima. Miaka ya 1970 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja, wakahesabu nyama, asali na siku za kuwinda. Miaka ya 1980 Waamerika wa Harvard walikaa kwa Waefe na Walese. Wote waliona kitu ambacho kila mama wa sokoni Mambasa anakijua: nyama, asali na kazi ya shamba zinatoka kwa Bambuti, ndizi, mihogo, nguo na chuma zinatoka kijijini. Kuna faida, na kuna dharau pia. Mara nyingi ni Mbuti anayelipwa kidogo.

Swali la viazi vya pori

Hapa Asia ilirudi tena. Mwaka 1987 Thomas Headland, aliyeishi miaka mingi na Waagta wa Ufilipino, aliuliza swali rahisi: je, mtu anaweza kuishi ndani ya msitu mnene bila chakula cha shamba? Viazi vya pori vinatosha? Yeye aliona havitoshi. Mwaka 1989 Robert Bailey, aliyefanya kazi kwa Waefe, pamoja na wenzake, waliandika kwamba hawaoni ushuhuda wa kutosha kwamba watu waliwahi kuishi hivyo.

Jibu lilitoka Malaysia. Mwaka 1991 Kirk Endicott na Peter Bellwood walionyesha kwamba Wabatek, ambao ni Wasemang, wanaweza kukaa muda mrefu wakila viazi vya pori na nyama. Na hapa Ituri, Julio Mercader alichimba kwenye mapango ya mawe akakuta vifaa vya mawe vya watu walioishi humu zaidi ya miaka 10 000 iliyopita, mbele ya kilimo kufika.

Mtu anaweza kusema hayo ni mabishano ya wasomi. Lakini yana uzito. Kama hakuna aliyeishi porini bila mkulima, basi ni rahisi kusema Mbuti ni mgeni wa mwenye kijiji, asiulizwe. Kama watu waliishi humo zamani sana, maneno hayo yanakosa nguvu.

Sheria zinasema nini

Ufilipino ilitunga sheria ya watu wa asili mwaka 1997: wanaweza kupata hati ya ardhi ya mababu, na wanatakiwa kukubali kwanza kabla mgodi haujafunguliwa. Malaysia, mwaka 2002, mahakama kuu iliwapa haki Watemuan wa Selangor ambao ardhi yao ilichukuliwa kwa ajili ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Jaji alikubali kwamba desturi ya kuishi mahali inaleta haki, hata bila karatasi.

Kwetu, sheria namba 22/030 ya tarehe 15 julai 2022 inalinda haki za watu wa asili Pigme. Inatambua haki yao juu ya ardhi na mali ya pori wanayoitumia kufuatana na desturi, na inadai wakubali kwa hiari, wakiwa wamefahamishwa, kabla ya mradi kuanza. Mbele yake, dekreti ya mwaka 2014 juu ya misitu ya jamii za wenyeji iliruhusu jamii kuomba msitu wa mpaka hekta 50 000.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Machifu wanaotambuliwa na serikali kwa kawaida wanatoka kwa wakulima. Mbuti anapita nyuma yao ili asikike. Hifadhi ya wanyama ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Watafuta dhahabu, wakata mbao na watu wenye silaha wanaingia humo. Kila pori likipungua, mboloko na asali vinapungua pia, na Mbuti anakosa kitu cha kuleta sokoni.

Ya kukumbuka

Mkutano wa ardhi ukifanyika kwenu, iwe Mambasa, Irumu au Djugu, angalieni mambo matatu. Je, Bambuti wenyewe wako ndani, wanawake nao, au kuna mtu anasema kwa niaba yao? Je, maneno yanatafsiriwa kwa luga yao? Je, wamepewa muda wa kurudi kambini kushauriana kabla ya kutia sahihi? Tangu siku za Schebesta watu wengi wameandika juu ya Bambuti. Sheria ya 2022 inadai kitu kingine: waulizwe, na jibu lao lihesabiwe, hata kama ni hapana.