Miguu Miwili ya Bahasha ya Kaki

Kabatini kwa baba kuna bahasha moja ya kaki ambayo haiazimwi. Ndani yake mna hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto ambao leo wana ndevu, na cheti cha kifo cha babu. Mgongoni ina kibanio cha bati chenye miguu miwili: unaipitisha kwenye tundu la kifuniko, unaulaza mmoja kushoto na mwingine kulia, kazi imekwisha. Ila mguu wa kushoto ulikatika zamani. Wa kulia unabeba kazi ya wawili, na yeyote anayetumwa kuchukua karatasi humo husindikizwa na sauti kutoka sebuleni: "Taratibu na huo mguu."

Baba alikuwa karani wa masjala, na kwa muda mrefu nilidhani wasiwasi huo ni ukarani tu. Kibanio chenyewe hata jina lake sijalisikia likitajwa dukani. Mteja hunyoosha vidole viwili, akavipanua, muuzaji akaelewa. Tena hakilindi siri. Unaweza kukifungua, ukasoma kila kitu, ukakifunga, na mwenye bahasha asijue. Kazi yake ni kuzuia karatasi zisimwagike. Kuhakikisha kwamba aliyefungua atajulikana ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyowahangaisha watu kwa miaka kama elfu nne.

Wafanyabiashara wa Ashuru waliipatia jibu mapema. Katika karne ya 19 kabla ya Kristo walikuwa na makazi yao huko Kanesh, mahali panapoitwa leo Kültepe, karibu na mji wa Kayseri nchini Uturuki. Misafara ya punda ilitoka mji wa Ashur, mwendo wa kilomita 1,000 hivi, ikileta bati na vitambaa, na faida ikarudishwa kwa fedha na dhahabu. Barua na mikataba yao waliiandika juu ya vibao vya udongo, na wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua zaidi ya 20,000 mahali hapo. Vingi vilivikwa bahasha, nayo ya udongo vilevile: tabaka jembamba lililokifunika kibao pande zote, kisha mihuri ya mviringo ikabingirishwa juu yake. Mkataba uliandikwa mara mbili, ndani na nje. Waliotaka kuusoma walisoma wa nje. Wakigombana, bahasha ilivunjwa na maneno ya ndani yakatoa hukumu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyagusa. Kuvunja ni rahisi; kuvirudisha vipande mahali pake pamoja na alama za mihuri ya mashahidi ndiko kusikowezekana.

Karatasi ilipoenea Ulaya, ushahidi wa namna hiyo ukawa mgumu kupatikana, na nauli ikaongeza ugumu. Uingereza kabla ya 1840 barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Karatasi ya pili ya kufunikia ilikuwa na maana ya kulipa mara mbili, kwa hiyo barua ilijifunga yenyewe: ilikunjwa, ikachomekwa, ikatobolewa, ikafungwa kwa kipande chake mwenyewe. Jana Dambrogio, mhifadhi wa nyaraka katika chuo cha MIT huko Marekani, ametumia miaka mingi kuzikunja upya barua za namna hiyo ili kujua zilifungwaje.

Maarufu kupita zote ni ya Malkia Mary wa Uskoti. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 1587, akiwa mfungwa katika ngome ya Fotheringhay na zimebaki saa chache akatwe kichwa, alimwandikia shemeji yake, Mfalme Henri III wa Ufaransa. Barua ilifungwa hivi: ukanda mwembamba ulikatwa ukingoni mwa karatasi hiyohiyo, barua ikakunjwa na kutobolewa, ukanda ukapitishwa ndani na nje, ndani na nje, kama ukili unavyoshonwa uwe mkeka. Hatua zake zinazidi 30. Msomaji hakuwa na njia ila kuukata ukanda, na ukishakatwa haufungi tena. Barua hiyo imo leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Kila nikiifikiria, ninachokiona ni mikono: mtu anayejua kwamba asubuhi atakufa, na bado anahesabu mikunjo.

Wasio na subira hiyo walitumia lakiri. Neno hili tulilipata kwa Wareno, wao wakiita lacre, na lakiri nzuri ilitengenezwa kwa utomvu mgumu wa wadudu wadogo wa India. Unaiyeyusha, unaidondosha juu ya mkunjo, unakandamiza pete au muhuri, na kila mtu anaamini barua i salama. Tabu ni kwamba kilichoyeyuka kwa mshumaa huyeyuka tena kwa mshumaa. Katika karne ya 18 idara ya siri ya mjini Vienna ilipokea mifuko ya barua za mabalozi saa moja asubuhi. Waliilainisha lakiri kwa moto, wakatoa barua, makarani wakanakili, wakazifunga kwa mihuri ya kughushi, na saa tatu na nusu zilikuwa zimekwisha kurudi posta kana kwamba hazikuguswa. Kazi ya saa mbili na nusu, kila siku. Kuna ofisi leo zenye kompyuta ambamo barua hailali chini ya wiki tatu.

Waingereza nao hawakuwa nyuma. Samuel Morland, mwerevu wa mitambo wa karne ya 17, alitengeneza vyombo vya kufungulia na kufungia barua, akamwonyesha Mfalme Charles II mwenyewe. Vikateketea katika moto mkubwa wa London wa 1666.

Kisha mwaka 1840 Rowland Hill akaibadili posta ya Uingereza. Nauli ikawa peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, kama gramu 14, iende mbali au karibu. Kilichohesabiwa sasa ni uzito, na bahasha ikaacha kuwa anasa. Miaka mitano baadaye Edwin Hill, ndugu yake Rowland, na Warren De la Rue walipata hataza ya mashine ya kukunja bahasha, na mashine hiyo ikawa kivutio katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Bahasha zikaja na ukanda wa gundi kwenye kifuniko; unalamba, unabandika. Ukilinganisha na ukanda wa Malkia Mary, gundi ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, kwani mvuke wa birika unaifungua bila kuacha alama.

Giuseppe Mazzini alilijua hilo. Mwanamapinduzi huyu wa Italia aliishi uhamishoni London, na mwaka 1844 alianza kushuku kwamba barua zake zinasomwa njiani. Hakuhangaika na gundi wala lakiri. Aliomba atiliwe ndani ya bahasha mbegu za mpopi, unywele, chembe za mchanga. Barua zilifika zimefungwa vizuri kabisa, ila mchanga haumo. Mbunge Thomas Duncombe akalipeleka jambo bungeni, ikadhihirika kwamba waziri wa mambo ya ndani, Sir James Graham, alikuwa ametoa hati ya kuzifungua. Jarida la Punch likamgeuza kichekesho. Nadhani hakuna kifungo kilichowahi kutengenezwa kiwandani kinachoushinda unywele ule kwa bei yake.

Sasa tuirudie miguu miwili. Wazo lake linaonekana wazi mwaka 1866, Mmarekani George W. McGill alipopata hataza ya kishikizo cha shaba ya manjano cha kushikia karatasi: kichwa kidogo, miguu miwili laini inayopita kwenye tundu kisha inapanuliwa. Mwaka 1879 alileta mtambo wa kupiga pini, babu wa stepla zetu, wenye uzito wa zaidi ya kilo moja na unaopiga pini moja tu, kisha unauwekea nyingine. Stepla ilikuja kuwa bidhaa ya kila meza. Lakini pini ya stepla ukiing'oa inachana karatasi. Miguu ya McGill inafunguka na kufungika. Hiyo ndiyo tabia ambayo bahasha kubwa za ofisini zilihitaji, na ndiyo iliyohamia migongoni mwake: bati limenaswa chini, tundu la kifuniko limeimarishwa kwa kibandiko cha karatasi ili lisichanike, miguu inatoka na kulala.

Na hapo ndipo wasiwasi wa baba ulipo na maana ya kiufundi. Bati huwa laini likiwa jipya. Kila ukilikunja na kulikunjua pale pale, linakakamaa kidogo, nyufa ndogo zinaanza, na siku moja linakatika mkononi bila kukuonya. Mguu mmoja una idadi yake ya safari.

Bahasha ya kibao na uzi ilitafuta njia ya kuikwepa ajali hiyo. Duara mbili za karatasi ngumu, moja kwenye kifuniko na moja mwilini, kila moja imepigiliwa katikati kwa ringi ya chuma, na uzi unazungushwa kati yake kwa umbo la nane. Uzi haukakamai. Bahasha hizi zilipendwa kwa barua za ndani ya jengo moja: usoni zina mistari mingi ya majina, kila mpokeaji anakata jina lake na kuandika la anayefuata. Nyingi zimetobolewa matundu makusudi ili mtu aone kama ni tupu bila kuifungua. Ni bahasha inayotangaza kwamba haina siri, na ni kaka ya bahasha ya miguu miwili kwa hilo.

Siri ilikuwa na utaratibu wake, na baba anausimulia kwa raha. Waraka wa SIRI ulitiwa ndani ya bahasha mbili. Ya ndani iliandikwa neno hilo kwa herufi kubwa na kufungwa kwa gundi na lakiri. Ya nje haikuandikwa chochote zaidi ya anwani, kusudi tarishi asijue anabeba nini. Ni utaratibu wa utawala wa Kiingereza tulioachiwa. Nilimuuliza kwa nini hawakutumia za kibanio. Akanitazama kama anayeulizwa kwa nini mlango hauwekwi pazia badala ya kitasa.

Hata hivyo pwani kibanio kina haki yake. Nani asiyejua bahasha za gundi zinavyofanya wakati wa masika? Unafungua boksi jipya, unakuta nusu zimekwisha kujibandika zenyewe zikiwa tupu. Lakiri nayo haipendi joto la stoo yenye paa la bati. Miguu miwili haijali unyevu, isipokuwa kutu inayoacha alama mbili za rangi ya chai kwenye karatasi iliyo karibu.

Vita vikuu vya pili vilileta jambo la ajabu: kufungua bila kujificha. Barua za Afrika Mashariki, kama za kwingineko katika himaya ya Uingereza, zilifunguliwa ubavuni, zikasomwa, zikafungwa kwa ukanda wa karatasi uliochapwa kwamba zimefunguliwa na mkaguzi. Wakati huohuo, mwaka 1941, wanajeshi wa Uingereza walioko Mashariki ya Kati walipewa karatasi nyepesi inayokunjwa ikawa bahasha ya nafsi yake. Ndiyo aerogramu ya karatasi ya buluu ambayo kwayo wengi wetu tulimwandikia kaka aliyekwenda kusoma ng'ambo, nayo haikuruhusiwa kutiwa kitu ndani, hata picha. Barua ikarudi kujifunga yenyewe, ila safari hii kwa gundi.

Kilichokiondoa kibanio kwenye safari ndefu ni mashine. Mitambo ya kuchambua barua huzipitisha kwa kasi kati ya mikanda na magurudumu, na kipande cha chuma au kibao cha uzi hukwama humo. Posta ya Marekani huzihesabu barua zenye vibanio, nyuzi na vifungo miongoni mwa zisizopita mashineni, na mtumaji huongezewa nauli. Bahasha ya baba ingelipa faini kwa mguu mmoja.

Lakiri, kwa upande wake, imekufa ikabaki hai. Nta hatuioni tena, lakini kampuni bado "hutia lakiri" mikatabani, na siku ya kupiga kura sanduku hufungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba, mawakala wa vyama wakizinukuu kwenye makaratasi yao kabla ya kura ya kwanza kutumbukia. Haizuii mtu kulifungua sanduku, mkasi unatosha. Ila lakiri ile ya namba haiungiki tena. Mfanyabiashara wa Kanesh angeielewa bila mkalimani.

Na yule aliyezifungua barua kwa mvuke wa birika naye amepata chombo kipya. Kule The Hague, Uholanzi, msimamizi wa posta aitwaye Simon de Brienne aliacha sanduku la barua ambazo hazikufika kwa wenyewe. Enzi zake nauli ililipwa na mpokeaji, na asiyelipa au asiyepatikana barua yake ilibaki. Zilikuwa maelfu, na mamia kati yake hazijawahi kufunguliwa. Mwaka 2021 kundi la watafiti, Dambrogio akiwamo, lilitangaza kwamba limesoma moja kwa eksirei za kompyuta, mikunjo yote ikiwa bado imefungwa, bila hata mkunjo mmoja kuguswa. Iliandikwa tarehe 31 Julai 1697. Jacques Sennacques alikuwa akimwomba binamu yake, mfanyabiashara wa The Hague, amtumie nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kifo cha ndugu yao Daniel Le Pers.