Redio Haikuwa na Masikio

Machi 2020, serikali ilipofunga shule zote nchini, neno lililokuwa kila mahali ni "masomo ya mtandaoni". Wakubwa walilitaja kwenye runinga, wazazi wa Nairobi wakalilalamikia kwenye grupu za WhatsApp, na sote tukaongea kana kwamba dunia imegundua kitu kipya wiki hiyo. Lakini wazo la kumfundisha mtoto aliye mbali kwa chombo chenye sauti ni la zamani kuliko wazazi wetu wengi. Limepitia redio ya kukanyaga kwa miguu, redio ya betri, setilaiti, nyaya za chini ya bahari, baluni, na sasa simu ya video. Kila chombo kilipofika, tuliambiwa umbali umekwisha.

Nimeifuatilia historia hii kwa miezi kadhaa, nikisoma na kuwasumbua watu wa rika la mama yangu kwa maswali. Wengi huuliza ni chombo gani cha kisasa zaidi. Mimi naona kuna swali linalofaa kuliko hilo: mtoto aliye mwisho wa laini anaweza kujibu? Na akijibu, kuna mtu anayesikia?

Hebu tuanzie mbali kidogo, Australia, maana huko swali hili lilijitokeza mapema. Sehemu ya kati ya nchi ile ni kame na pana ajabu. Familia za wafugaji ziliishi kwenye ranchi ambazo kumfikia jirani ni safari. Mwishoni mwa miaka ya 1920, fundi mmoja aitwaye Alfred Traeger alitengeneza redio ya mawasiliano iliyopata nguvu zake kutoka kwa pedali, kama za baiskeli. Unakanyaga, stima inapatikana, unawasiliana. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwita daktari wa ndege mtu akiumwa.

Miaka ya 1940, mwalimu Adelaide Miethke, aliyekuwa kwenye baraza la huduma hiyo ya madaktari, aliona kwamba watoto wa maeneo yale walikuwa na haya nyingi. Hawakuwa wamezoea kuongea na mtu asiye wa nyumbani. Akawaza: ikiwa redio hii inaweza kumleta daktari, mbona isiwakutanishe watoto? Tarehe 8 Juni 1951, Shule ya Hewani ilifunguliwa rasmi mjini Alice Springs.

Mwanzoni vipindi vilikwenda upande mmoja tu: mwalimu anasema, watoto wanasikiliza. Haukupita muda, kila kipindi kikaongezewa wakati wa maswali na majibu. Hilo liliwezekana kwa urahisi kwa sababu chombo chenyewe tayari kilikuwa na mahali pa kuongelea. Kilijengwa kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa lazima asikike. Usisahau pia kwamba wengi waliofaidika walikuwa watoto wa wenye ranchi, wazungu, ambao familia zao zilikuwa na redio nyumbani. Lakini ile hatua ndogo, ya kumwachia mtoto nafasi ya kuongea, ndiyo nimekuwa nikiitafuta kwenye historia yetu.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ilipata Uhuru 1963, na mwaka uliofuata serikali ikachukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, ile VoK ambayo wazazi wetu bado wanaitaja. Taifa changa lilikuwa na watoto wengi wanaotaka kusoma na walimu wachache waliofunzwa. Mwaka 1967, kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa Kikuyu, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kuwaongezea elimu walimu ambao tayari walikuwa madarasani bila mafunzo ya kutosha. Mwalimu wa ushago alipokea vitabu na mazoezi kwa posta, akasikiliza vipindi redioni, akatuma kazi yake, kisha akangoja. Kujibu kuliwezekana, ila kwa mwendo wa barua.

Watoto nao walikuwa na vipindi vyao vya shule kwenye redio. Kisha, mwaka 1980, ukaja mradi ambao kwangu ndio sura tamu kuliko zote katika hadithi hii. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ambayo leo tunaijua kama KICD, ilishirikiana na wataalamu wa lugha kutoka Marekani kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu. Somo lilikuwa la nusu saa. Mtangazaji alisema sentensi, kisha akanyamaza sekunde chache ili watoto wajibu kwa sauti, wote pamoja. Halafu akaendelea kana kwamba amewasikia. Mtindo huo ulikuwa umejaribiwa kwanza Nicaragua, miaka ya 1970, katika somo la hesabu.

Unaweza kucheka, lakini ulifanya kazi. Watoto waliosoma kwa redio walielewa Kiingereza wanachokisikia vizuri kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida, na Lesotho baadaye ikavichukua vipindi hivyo vya Kenya na kuvitumia. Kwetu mradi uliisha 1985, mwaka uleule ambao mfumo wa 8-4-4 ulianza, na mitaala yote ikabadilishwa.

Mama yangu aliingia darasa la kwanza mwanzoni mwa miaka hiyo ya 80, kwenye sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Nyamira. Hajui kama shule yao ilikuwa kwenye mradi huo au walikuwa wakisikiliza vipindi vya kawaida. Anachokumbuka ni mwalimu akianika betri juani ili zipate nguvu kidogo, na redio ikiwekwa juu ya meza kama mgeni wa heshima.

"Tulikuwa tunaijibu kwa sauti hadi darasa la pili wanatusikia," aliniambia. "Siku moja mtoto akamuuliza mwalimu: yule mtu aliye ndani ametusikia? Mwalimu akasema, ndio, amesikia. Sisi tukaamini."

Simlaumu yule mwalimu. Angesema nini? Darasa zima lilikuwa likijibu kwa moyo wote, na redio haikuwa na masikio.

Kuhusu picha, Kenya haikuwa nyuma kama tunavyodhani. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970 na kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa mlango wetu wa mawasiliano na ng'ambo. Lakini mlango huo ulikuwa wa ghali na wa wachache. Haukufika darasani kwa maana yoyote hadi 1997, Benki ya Dunia ilipoanzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Wanafunzi walikaa ukumbini wakitazama mhadhiri aliye ng'ambo akifundisha kupitia setilaiti. Wao walimwona. Yeye hakuwaona. Aliyekuwa na swali alipiga simu au kuandika.

Ukilinganisha na redio ya mama, hiyo ni hatua kubwa. Ukilinganisha na pedali za Alice Springs, ni kama tumefika mwaka 1951.

Kilichobadilisha mambo kwa kweli ni waya. Mwaka 2009, nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS, inayotuunganisha na Fujairah, na SEACOM. EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo, intaneti ya ukanda huu ilitegemea setilaiti zilizo mbali sana angani, na sauti ilichelewa kwenda na kurudi kiasi kwamba mazungumzo yalijaa "unanisikia? unanisikia?" Nyaya zilipoingia, sauti na picha ziliweza kusafiri pande zote mbili bila kukwama hivyo, angalau kwa aliye mjini.

Kwa aliye mbali na mji, mfano ninaoupenda unatoka Kakuma, Turkana, kwenye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992. Mwaka 2015, mwalimu wa Kibelgiji aitwaye Koen Timmers alianza kuwasiliana na kambi hiyo, akatuma laptopu yake mwenyewe, kisha akachangisha pesa za laptopu nyingine na paneli za sola. Baadaye walimu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walikuwa wakifundisha watoto wa Kakuma kwa Skype. Hebu fikiria. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hawezi kutoka kambini bila kibali, anaongea na mtu aliye Ulaya, uso kwa uso. Anauliza swali na uso ulio kwenye kioo unageuka kumtazama. Yule mtoto wa Nyamira angepata jibu lake hapo.

Sitaki kuharibu picha hiyo, maana ni ya kweli na ina thamani. Ila tuangalie kinachotokea simu hiyo ikiendelea.

Kwanza, mtandao ukilegea, kitu cha kwanza kuzimwa ni kamera. Na kamera inayozimwa ni ya nani? Ya upande dhaifu. Intaneti nyingi tunazotumia zimepangwa zipokee haraka kuliko zinavyotuma, kwa sababu waliozipanga walitarajia tuwe watazamaji. Kupokea video ya mwalimu wa Brussels ni rahisi kuliko kumtumia video ya darasa lako. Kwa hiyo shule ya kijijini inaanza simu ikiwa na uso, na dakika kumi baadaye imebaki jina jeupe kwenye mraba mweusi. Imerudi kuwa msikilizaji bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Pili, kuna maiki. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa sababu kubwa, na muhula wangu wa mwisho ulikuwa wa mtandaoni. Mhadhiri mmoja alizima maiki zetu zote siku ya kwanza ili kusiwe na kelele, jambo linaloeleweka ukiwa na wanafunzi zaidi ya 100 na jogoo wa kila boma. Muhula ukaisha hivyo. Tulikuwa na chombo ambacho Miethke angekiota tu, na tulikitumia kama redio ya VoK. Tofauti ni kwamba darasa la mama angalau lilipewa sekunde chache za kujibu.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni mada ya mazungumzo. Darasa la kijijini likiunganishwa na watu wa mbali, mara nyingi wale wa mbali huja na somo, na watoto wetu huja na wimbo wa kukaribisha. Wao wanafundisha sayansi, sisi tunapunga mikono. Picha inapigwa, inasambazwa, simu inakatwa.

Ukiutazama mwaka 2020 kwa jicho hilo, unaona mambo mawili. Julai mwaka huo, baluni za Loon, kampuni dada ya Google, zilianza kutoa intaneti kwa ushirikiano na Telkom Kenya, zikikusudia eneo la takriban kilomita mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi, Baringo ikiwemo. Ilikuwa kama filamu. Januari 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafunga kazi, na baluni zikaondoka mwaka huohuo. Wakati baluni zinapaa, watoto wengi wa vijijini walikuwa wakifuata masomo ya KICD kwa redio, kama mama. Chombo kipya kilikuja na kwenda, cha zamani kikabaki mezani.

Jambo la pili ni hili. Mwaka huohuo wa 2020, Ziwa Baringo lilikuwa limepanda na kumeza mashamba, nyumba na hata majengo ya shule. Watoto wa huko walikuwa wanaona kwa macho yao kitu ambacho sisi wa Nairobi tulikisoma kwenye simu kwa sekunde 30 kisha tukapita. Walijua maji yalifika wapi mwezi gani, na mamba walianza kuonekana karibu na nyumba za nani. Huyo ni mwalimu. Darasa la Baringo lingeweza kupigia darasa la Buruburu na kufundisha jiografia, na hapo maiki ya kuzimwa ingekuwa yetu.

Tangu Julai 2023 Starlink inauzwa Kenya, na kuna shule za mbali zinazoweza kupata kasi ambayo zamani ilikuwa ndoto. Skype nayo ilifungwa Mei 2025, na hakuna darasa lililokufa kwa sababu hiyo, watu walihamia programu nyingine. Vyombo vitaendelea kupishana. Kitakachobaki ni mazoea yetu ya kuvitumia, na mazoea hayo yana umri wa zaidi ya miaka 50: mji unasema, kijiji kinaitikia.

Kwa hiyo wewe msee ambaye wikendi fulani utaombwa na kikundi chako kuongea na shule ya ushago kwa simu ya video kuhusu kompyuta, au uandishi, au "kufuata ndoto zao", nenda. Lakini kabla hujaandaa slaidi zako, waulize watoto wanataka kukufundisha nini. Kisha zima maiki yako kwa nusu saa.