Ngong, Uwanja wa Farasi Uliotoka Kariokor

Mtu wa Nyamisangura, Tarime, anaweza kuzeeka bila kumwona farasi kwa macho. Pale mnyama wa heshima ni ng'ombe, na ukishuka Serengeti punda milia wamejaa tele, lakini farasi ni adimu. Kisa ni wadudu. Ndorobo hueneza nagana, na usubi, kadudu kadogo kuliko mbu, hueneza virusi ambavyo punda milia huvihimili ilhali farasi wengi hufa navyo.

Anayetaka kuona farasi wakishindana basi apande gari Sirari, apite Migori, Kisii na Narok, afike Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong. Huko ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya nyanda za juu ndiyo iliyowawezesha walowezi wa Kiingereza kufuga farasi wa mbio.

Mbio zilianza mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya klabu iliyoitwa East African Turf Club. Uwanja wa kwanza haukuwa Ngong bali mashariki ya mji, upande wa Kariokor. Jina hilo Mtanzania halimpi shida: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yote yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza. Vita vilipozuka Agosti 1914, walowezi waliojitolea kupigana walikusanyika uwanjani hapo wakiwa na farasi wao wenyewe. Mwaka huohuo ndipo Derby, shindano kubwa kuliko yote, lilipokimbiwa kwa mara ya kwanza. Farasi walioshuka kwenye nyika za Afrika Mashariki ya Kijerumani waliteketea kwa ndorobo, na mizigo ikawarudia wapagazi. Hao nao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kuwasahau hao na kukumbuka vikombe tu ni kuusimulia uwanja huo nusunusu.

Jina linalotajwa zaidi katika mbio za Kenya ni la mwanamke. Beryl Markham aliletwa kutoka Uingereza akiwa mtoto, akakulia Njoro katika shamba la baba yake, mfunzi wa farasi. Naye akapata leseni ya ufunzi akiwa bado kijana mbichi. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child, jike aliyekuwa na kano dhaifu za miguu, alishinda shindano la St Leger ya Kenya. Miaka kumi baadaye Markham aliruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Kanada. Aliporejea Kenya, farasi wake walitwaa Derby mara sita.

Mwaka 1954 mbio zilihamia Ngong, kando ya msitu, na ndani ya mzingo wa njia kuna uwanja wa gofu. Siku ya mbio kwa kawaida ni Jumapili. Derby ni mita 2,400. Katika mashindano mengi ya kawaida farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili walio dhaifu nao wapate nafasi; vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye tandiko, na mpandaji hupimwa kwenye mizani kabla na baada ya kukimbia.

Pale kuna dau lisilo kama mkeka wa mpira ambao vijana wa Tarime wanaujua, ambapo odi huandikwa mapema. Ni mfumo wa kapu: fedha za wote humwagwa pamoja, uwanja hukata fungu lake, na kinachobaki hugawiwa waliopatia. Farasi aliyependwa na wengi akishinda, kila mmoja huambulia kidogo.

Macho ya watazamaji huwa kwa mpandaji mwenye shati la rangi. Lakini anayemjua farasi kwa undani ni saisi, mtunzaji anayeamka alfajiri kumlisha, kumpiga brashi na kusafisha zizi. Mbio zikiisha na jukwaa likaanza kupwaya, saisi humtembeza polepole mpaka jasho likauke. Kisha huchutama, akapitisha kiganja kwenye mguu, toka gotini hadi kwatoni, akitafuta joto: kano iliyoumia huchemka kabla farasi hajaanza kuchechemea.